Gari la Werugha na Gia Iliyokataa Kushuka

Siku ya chai ya kuniaga, mmoja wenu mafundi wa gereji aliniomba niandike namna nilivyojifunza kazi. Nilimjibu kwamba kazi ya ufundi haifundishiki kwa karatasi. Kisha nikaenda nyumbani, nikalitafakari jibu langu kwa wiki kadhaa, nikaliona lina kasoro, na kurasa hizi ndizo masahihisho yake. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vilikuja vilipotaka kuja, na havikunifundisha chochote ambacho mtu anaweza kukitumia chini ya gari.

Nilifika Voi mwanzoni mwa miaka ya sabini nikiwa na digrii mbili za uhandisi wa mitambo na woga mmoja. Mwezi ule ule niliowasilisha tasnifu yangu ya uzamili, gari la chuo tulilopanda lilishindwa kusimama kwenye mteremko, likapinduka. Hakuna aliyekufa. Mimi nilitoka na mkwaruzo wa kiwiko na shati lililokosa vifungo. Lakini tangu siku hiyo, kila nilipokuwa abiria katika gari linaloteremka, miguu yangu ilitafuta breki ambayo haikuwapo, na akili yangu ilianza kupiga hesabu za msuguano pasipo kuombwa. Mtu anayeogopa bila kujua sababu huweza kutulizwa. Mimi nilizijua sababu zote, pamoja na kanuni zake.

Kwa hiyo nilipotafuta kazi nilitafuta mahali tambarare. Nilizaliwa Mombasa, na bara sikuifahamu zaidi ya chuo. Nilitazama ramani, nikaona reli inapita Voi bila kujipinda sana, nikahitimisha kwamba mahali treni inapopita kwa raha hapana miteremko ya kutisha. Hoja ile ilikuwa sahihi kwa upande wa reli. Sikufikiria kwamba gereji haitengenezi treni, na kwamba nusu ya wateja wetu wangekuwa wanateremka kutoka milima ya Taita kila juma.

Gereji yenyewe mnaijua, ingawa siku hizo ilikuwa banda moja la mabati, shimo moja la ukaguzi na mti wa mwarobaini uliobeba winchi ya mnyororo hadi tulipojenga boriti. Msimamizi wetu alikuwa Fundi Odhiambo. Alikuja kutoka magharibi kufanya kazi katika karakana za reli, akaacha, akahamia kwenye magari, lakini sauti yake ilibaki reli. Hakuna alilolisema ambalo halikusikika ng'ambo ya barabara.

"Wewe ndiye yule wa digrii?" aliniuliza asubuhi ya kwanza.

"Naitwa Abdalla."

"Digrii ni ngapi?"

"Mbili."

"Basi tutakuita Digrii, moja tu. Hiyo ingine weka akiba." Akanisikiliza nikieleza kwa adabu nilichosomea, akatikisa kichwa. "Kiswahili chako kimepigwa pasi hadi mikunjo imekwisha. Hapa utakichafua tu."

Sikukichafua, na jambo hilo lilitufaa baadaye. Lakini mengine yote aliyonipa niliyachukua. Alinifundisha kuweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, nikasikia beringi ikilalamika kama mtu aliye chumba cha pili. Alinifundisha kunusa mafuta ya giaboksi kabla ya kuyapima: yakinuka kama mkate ulioungua, weka spana chini umwandae mwenye gari kwa habari mbaya. Na alinifundisha kanuni aliyoipenda kuliko zote. "Dereva ukimsikiza, sikiza nusu." Kanuni hiyo ina ukweli mwingi. Udhaifu wake ni kwamba hakuwahi kusema ni nusu ipi.

Magari ya otomatiki yalikuwa machache na Odhiambo hakuyaamini. Gari ambalo linajibadilishia gia lenyewe lilimwonekea kama mtumishi anayejibu kabla ya kuulizwa. Kwa kuwa tasnifu yangu ilihusu presha ya mafuta katika mitambo, yote yaliletwa kwangu. Nilikuja na kipimo changu cha presha, ndani ya sanduku la mbao lenye bitana ya kitambaa, na kwa miezi ya mwanzo kipimo hicho kilikuwa na heshima kubwa kuliko mimi.

La kwanza lilikuwa la mfanyabiashara wa Bomeni, kule Taveta, aliyelalamika kwamba akitaka kumpita mtu barabarani gari linabaki gia ya tatu likihema. Kwa wale ambao hawajashika otomatiki za zamani: ukikanyaga akseleta hadi sakafuni, waya mwembamba huvuta valvu ndani ya giaboksi, na gia hushuka kutoka ya tatu hadi ya pili ili gari lipate nguvu. Gia ya mtu huyu haikushuka. Nilifunga kipimo, nikachora mchoro, nikaandaa nadharia mbili zinazopingana. Ndipo nikaona mkeka wa mpira alioutandika kwa fahari chini ya miguu. Ulikuwa umejikunja chini ya pedali, na pedali haikuweza kufika mwisho. Niliuvuta mkeka, gia ikashuka. Odhiambo alicheka hadi wenye kibanda cha chai wakauliza kuna nini.

Baada ya hilo yalikuja mengine, kutoka Taveta, Njukini na mashamba ya mkonge, na mengi yalikuwa na ugonjwa wa aina hiyo hiyo: waya uliolegea, waya uliokwama kwa vumbi, mafuta yaliyopungua. Pale gereji tukawa na jina moja la ugonjwa huo wote. Tukisema gari "halishuki gia", kila mtu alijua aanze na pedali, waya na mafuta, kisha apeleke gari kulijaribu kwenye mlima. Jina fupi la ugonjwa huharakisha kazi. Pia hukufanya uache kumsikiliza mgonjwa, kama mtakavyoona.

Gari ninalotaka kuwasimulia lilikuwa la Mwalimu Wakesho, mkuu wa shule ya wasichana huko Werugha. Lilikuwa saluni kubwa ya miaka ya hamsini, rangi ya maziwa, yenye mkono wa gia kwenye shingo ya usukani. Meneja mmoja wa shamba la mkonge aliliacha aliporudi kwao, na shule ikalinunua kwa sababu viti vyake vya nyuma vilikuwa vipana kiasi cha kumlaza msichana mgonjwa. Kutoka Werugha hadi hospitali ya Voi, siku hizo, hakuna kilichokuwa na thamani zaidi ya viti hivyo.

Dereva wake alikuwa Bwana Mwadime, mtu wa huko huko milimani, mwenye tai kila siku na ubishi kila saa. Alikuwa ameendesha malori ya kabichi kabla ya hapo. Aliliendesha gari lile kana kwamba ndani yake kuna mayai, kisha akashuka na kugombana na yeyote aliyelipigia honi.

Siku waliyokuja kwetu, gari lilivutwa na trekta kutoka Mwatate. Breki zilikuwa zimeungua. Laining, yale mabamba yanayobana dramu za magurudumu, zilikuwa zimekauka na kupasuka kama tope la kiangazi, na dramu zimegeuka rangi ya samawati. Haikuwa mara ya kwanza. Gereji nyingine zilikwisha kuzibadilisha, na kila moja ilisema dereva anakalia breki. Safari hii, kwenye kona za juu ya Mwatate, pedali ilizama hadi chini, na Mwadime akalisugua gari kwenye ukingo wa mlima mpaka likasimama. Nyuma walikuwamo wasichana wawili wenye homa. Walitoka salama. Mlango mmoja haukufunguka tena vizuri.

Mwalimu Wakesho alisimama uani kwetu akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono yote miwili. Alikuwa mwanamke mwembamba, mpole wa sauti, na nilimwona Odhiambo akipunguza yake bila kutaka.

"Halmashauri ya shule imenitaka niajiri dereva mwingine," alisema. "Yupo mtu wa Mwatate, anaanza Jumatatu. Nimewaomba wanipe wiki hii. Mkiniambia kosa ni la gari, Bwana Mwadime atabaki. Mkiniambia ni lake, basi. Siwezi kuwapandisha watoto wa watu katika gari linaloendeshwa na mtu ninayemtilia shaka, hata kama nampenda."

Mwadime alikuwa karibu na alisikia yote. Alirekebisha tai yake.

"Mimi nishasema ugonjwa," alisema. "Nimesema kila gereji. Gari haishuki na gia."

Mimi nilikuwa shimoni chini ya pikapu. Odhiambo aligeuka akanipigia kelele kama kawaida yake: "Digrii! Toka huko, hii ni yako! Gari haishuki gia!"

Hivyo ndivyo ugonjwa ulivyonifikia. Tulibadilisha laining kwanza, na dramu zikachongwa upya. Kisha nikaanza na pedali. Hapakuwa na mkeka. Waya ulikuwa mzima, umepakwa mafuta na mtu anayejali. Mafuta ya giaboksi yalikuwa yamepungua kidogo, mekundu, hayanuki. Kipimo kikaonyesha presha ambayo ningeweza kuiweka kwenye kitabu cha kiada. Tukaenda Mwatate, Odhiambo akiendesha, mimi pembeni, tukapanda barabara ya Wundanyi. Alikanyaga hadi sakafuni, gia ikashuka ya pili bila mshtuko. Akaachia, ikarudi ya tatu. Akakanyaga tena, ikashuka tena. Alirudia hadi mimi nikaridhika, jambo ambalo huchukua muda. Tulipogeuza gari kurudi nilimwomba anishushe niteremke kwa miguu hadi Mwatate. Nilimwambia nataka kunyoosha viungo. Hakuuliza kitu, na hakuwahi kunitania kwa jambo hilo hata mara moja, ingawa kwa mengine yote alinitania. Yeye aliteremka polepole sana, akikanyaga breki mpya kila hatua, na kwa mwendo ule hakuona kasoro yoyote.

"Gari ni nzima," alimwambia Mwadime tuliporudi. "Inashuka gia kuliko mpya. Ugonjwa uko kati ya usukani na kiti."

"Mmepanda nayo?"

"Tumepanda hadi karibu na Wundanyi."

"Na nani amewaambia ina shida ya kupanda?"

"Wewe si ndiye umesema haishuki?"

"Nimesema."

"Sasa tumeishusha. Imeshuka. Nyinyi watu wa milimani mnapenda breki kama watoto wanavyopenda kengele ya baiskeli."

"Na nyinyi watu wa ziwani," Mwadime alijibu, "mmejua lini mlima ni nini?"

Maneno yakaendelea hivyo, na ukweli ni kwamba wote wawili waliyafurahia, ila mmoja wao alikuwa anapoteza kazi. Ilikuwa Jumatano. Odhiambo alitaka tumpelekee Mwalimu neno siku hiyo hiyo. Nilimwomba asubiri hadi kesho.

Sababu yangu haikuwa ya kiufundi. Kuna kitu katika ile sentensi kilichonikera, kama punje ya mchanga kwenye kiatu, nami sikuweza kukipata. Kasoro yangu, kama mlivyokwisha kunieleza mara nyingi, ni kwamba siwezi kuliacha neno likapita. Asubuhi nilimfuata Mwadime kibandani, ambako alikuwa anakunywa chai huku ametandika leso juu ya tai.

"Bwana Mwadime, nirudie ulichosema siku ile. Neno kwa neno, tafadhali."

"Gari haishuki na gia."

"Na?"

"Na gia. Kwani ishuke na nani, na wewe?"

Mama wa kibanda alicheka. Mimi niliketi. Odhiambo alikuwa amezidondosha herufi mbili alipokuwa akipiga kelele uani, na sisi sote tukaingia kazini bila herufi hizo. Gari lisiloshuka gia ni gari ambalo gia yake haiteremki namba. Gari lisiloshuka *na* gia ni jambo jingine kabisa, na kila dereva wa lori la kabichi analijua: ni kuteremka mlima ukiwa umeiweka injini katika gia nzito ili injini yenyewe ilishike gari, na breki zipumzike. Mwadime alikuwa anatueleza kuhusu mteremko. Sisi tulikwenda kulijaribu gari kwenye mpando. Tulilipima mgongo wakati linaumwa tumbo.

"Ukifika kwenye kona za Mwatate unafanya nini?" nilimuuliza.

"Naweka L, kama mzungu wa mkonge alivyonionyesha. Mshale unafika L. Siku nyingine gari inashika. Siku nyingine inateleza tu kama sabuni, injini imenyamaza. Sasa nisipokanyaga breki nitakanyaga nini?"

Niruhusuni niieleze L, maana wengi wenu mmekulia kwenye magari mengine. Katika otomatiki za aina ile, mkono ukiwa kwenye D, injini inavuta magurudumu lakini, mguu ukiondolewa, gia hupanda hadi ya tatu na gari hujiendea. Fikirieni baiskeli: ukikanyaga pedali unavuta, ukiacha, gurudumu linaendelea na miguu yako imetulia. Kwenye barabara ya Voi hiyo ni starehe. Kwenye kona za Mwatate hakuna kinachokushika isipokuwa breki. L ipo kwa ajili hiyo. Ukiiweka, gia hushuka ya pili, na injini inalazimika kuzungushwa na magurudumu, nayo haipendi, kwa hiyo inalishika gari. Kama L haifanyi kazi, breki zitaungua hata akiendesha malaika.

Tulijaribu L pale Voi, kwenye njia ya vumbi nyuma ya stesheni. Ilifanya kazi kila mara. Odhiambo alinitazama kwa huruma.

"Digrii, nimekupa siku moja. Sasa unaona ni dereva?"

"Naona kwamba tuko kwenye tambarare."

"Gia inajua tambarare?"

Alikusudia kunikejeli, lakini lile ndilo lilikuwa swali. Niliketi juu ya tairi na kulichambua kama vile kuna mtihani. Mkono wa gia umefungwa kwenye shingo ya usukani, na usukani umefungwa kwenye bodi. Giaboksi haikufungwa kwenye bodi moja kwa moja. Imelalia mpira mzito, mauntingi, pamoja na injini. Kati ya viwili hivyo kuna fimbo ya chuma inayopeleka amri ya dereva kwa valvu. Kwenye tambarare kila kitu kiko mahali pake. Kwenye mpando, uzito wa injini unarudi nyuma. Kwenye mteremko, uzito wote unalala mbele. Ikiwa mpira umechoka, injini na giaboksi zitateleza mbele kidogo, lakini mkono wa gia utabaki palepale. Mshale utaonyesha L. Fimbo itakuwa imevutwa kuelekea D.

Nilimweleza Odhiambo. Alisikiliza yote, jambo lililonishangaza, kisha akasema, "Basi tuuweke mlima hapa hapa."

Tulifunga winchi kwenye boriti tukanyanyua mkia wa gari hadi pua ikaelekea chini kama linanusa ardhi, tukaweka magogo imara na stendi za chuma, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naingia chini na nilizikagua stendi zile mpaka Odhiambo akauliza kama nataka kuzioa. Mwadime aliketi kwenye usukani. Nikamwambia aweke L. Nilikuwa natazama kiwiko kidogo cha chuma kilicho ubavuni mwa giaboksi, kile kinachozungusha valvu.

"Umeweka?"

"Nimeweka. Mshale uko L."

Kiwiko kilisogea, kikakaribia kituo cha L, na kikarudi. Hakikurudi kwa nguvu. Kilirudi taratibu, kama mtu anayeketi tena baada ya kubadili nia.

"Uko wapi sasa?" nikauliza.

"Bado L. Sijaugusa."

Odhiambo aliingia kutoka upande wa pili na mtaimbo, akauweka chini ya giaboksi, akasukuma. Yote ikasogea mbele upana wa kidole. Alipapasa mauntingi ya nyuma, akatoa mkono wake ukiwa na mpira mweusi uliomong'onyoka kati ya vidole. Oilsili ya nyuma, ile pete inayozuia mafuta ya giaboksi yasitoke, ilikuwa inavuja kidogo kidogo, pengine kwa miaka, na mafuta yalikuwa yameulainisha mpira kama andazi lililolowekwa kwenye chai. Mafuta yale ambayo niliyaona yamepungua kidogo na nikayasamehe, yalikuwa yameishia hapo.

Alitoka chini akamwendea Mwadime, ambaye bado alikuwa kwenye kiti, pua ya gari ikiwa chini na tai yake ikining'inia mbele.

"Basi ilikuwa nusu ile ingine," Odhiambo alisema.

"Nusu gani?"

"Usijali. Shuka, njoo uone ugonjwa wako."

Mpira wa aina ile haukupatikana Voi, wala Mombasa kwa muda tuliokuwa nao. Odhiambo alikwenda kwenye kiwanda cha mkonge kwa rafiki yake fundi, akarudi na kipande cha mkanda mzito wa mashine, wa tabaka za turubai na mpira. Tulikikata, tukakitoboa, tukakifunga kati ya sahani mbili za chuma. Oilsili tulianza nayo, na hili ninalisisitiza: ukibadilisha mpira bila kuziba mafuta, umempa mgonjwa shuka jipya na kumwachia paa linalovuja. Tulirekebisha fimbo. Tulilinyanyua tena mkia, Mwadime akaweka L, na kiwiko kikafika kwenye kituo chake kikatulia. Nilimwomba arudie. Nikamwomba tena. Baada ya hapo Mwadime mwenyewe aliniambia kwamba gari limechoka kuliko yeye.

Tulimpelekea Mwalimu Wakesho habari kwamba kosa lilikuwa la gari. Alijibu kwa upole kwamba gereji nyingine pia zilimwambia gari limepona. Angependa kuteremka nalo mwenyewe, kutoka Wundanyi hadi Mwatate, na mtu wa gereji aliyesema limepona aketi ndani yake.

Odhiambo alinitazama. "Naweza kwenda mimi," alisema, na kwa mara ya kwanza hakusikika hata kibandani.

Nililifikiria. Maneno "kosa ni la gari" yalikuwa yangu. Nilikuwa nimeyathibitisha kwa mchoro, kwa stendi na kwa kiwiko cha chuma, na sikuwa na shaka nayo hata chembe. Kama ningekataa kuketi ndani, Mwalimu angesoma kukataa kwangu kama hukumu, na angekuwa na haki. Mtu mwingine angelipia woga wangu kwa kazi yake. Nilipanda.

Ukungu ulikuwa umeanza kuinuka Wundanyi tulipogeuza gari Ijumaa ile. Akina mama walikuwa wanapanga kabichi na makopo ya maziwa kando ya barabara. Mwalimu aliketi mbele, mimi nyuma, kwenye kile kiti kipana. Mwadime alikuwa kwenye usukani. Kabla ya kona ya kwanza alivuta mkono wa gia. Niliisikia injini ikipandisha sauti, ikanung'unika, na nikahisi gari likishikwa kwa nyuma, kama mtu aliyeshikwa mkanda wa suruali. Miguu yangu ilitafuta breki yake ya kawaida. Hesabu zilianza. Lakini safari hii nilikuwa nayajua majibu yake, na yalikuwa mazuri, kwa hiyo nikaziacha ziendelee. Kona ya pili. Ya tatu, ile yenye ukingo ambao bado ulikuwa na rangi ya maziwa ya gari letu.

Hapo Mwalimu alizungumza. "Bwana Mwadime, hebu ondoa mguu kwenye breki kidogo, nione."

"Nimeuondoa, Mwalimu."

"Lini?"

"Tangu kule juu."

Mwalimu aliinama akatazama miguu ya Mwadime. Alikuwa ameikunja yote miwili chini ya kiti, viatu vimeng'arishwa, kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Tuliendelea kuteremka. Mbele yetu bonde la Mwatate lilifunguka, na mistari ya mkonge ikaonekana imenyooka hadi mbali. Nilitambua kwamba nilikuwa ninaitazama.

Chini kabisa, Mwadime alisimamisha gari kando ya barabara. Mwalimu Wakesho alishuka, akaenda kwenye gurudumu la mbele, akaweka kiganja chake juu ya chuma. Niliposhika dramu zile mwanzoni mwa wiki zilikuwa zimeungua hadi kubadilika rangi. Sasa hazikuwa na moto, naye aliacha mkono wake pale, akauhamishia gurudumu la nyuma, akauacha pia. Kisha akaupangusa kwa leso na kusimama dirishani mwa dereva.

"Jumatatu kuna wasichana wa kupelekwa Voi kwa daktari wa macho," alisema. "Tutaondoka saa mbili asubuhi."

Mwadime alitazama mbele. "Jumatatu si anakuja yule mtu wa Mwatate, Mwalimu?"

"Atakuja. Nitampa chai, kisha nitamwambia kwamba nafasi haikuwa wazi."

Alizunguka gari akapanda. Mwadime alirekebisha tai yake, kisha akawasha gari.